Maswali yenu kuhusu malaria: mbu wa kuogopwa ni yule aliyeishi siku nyingi

Katika toleo lililopita niliandika kwamba sisi tunaochunguza uambukizaji wa malaria hatuhesabu mbu tu, tunatafuta hasa kujua wameishi siku ngapi. Sentensi hiyo moja imeleta barua nyingi kuliko makala nzima. Wengine mmeuliza kwa upole, wengine mmeandika kwa hasira, na hasira yenu naielewa kabisa, kwa sababu wapo mliozika watoto kwa ugonjwa huu. Nimechagua barua zinazobeba maswali ya wengi.

Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Vyandarua tumegawiwa zaidi ya mara moja, hata wanafunzi wangu wamepewa shuleni. Lakini mbu wako palepale, usiku wanatuimbia masikioni kama zamani. Sasa hivyo vyandarua vinafanya kazi gani?

Marahaba, mwalimu. Kwanza tuwatenge hao waimbaji. Mbu anayekunyima usingizi kwa kelele mara nyingi ni Culex, anayezaliana kwenye mashimo ya vyoo, makaro na mitaro iliyoziba. Huyo anaweza kukuletea matende na mabusha, lakini malaria hawezi. Malaria ya binadamu huenezwa na Anopheles peke yake, ambaye huja kimya zaidi na kwa kawaida hung'ata watu wakiwa wamelala. Kwa hiyo kelele za usiku haziwezi kukupimia malaria ya kijiji chako.

Tuje kwa huyo Anopheles. Hazaliwi na malaria. Anatoka majini akiwa hana kimelea hata kimoja. Dume halinyonyi damu maisha yake yote, linaishi kwa maji matamu ya maua na mimea. Jike ndiye anayehitaji damu, ili mayai yake yakomae, na humtafuta mtu kila baada ya siku mbili au tatu. Ili awe hatari, lazima kwanza amnyonye mtu mwenye vimelea. Vimelea hivyo vijamiiane ndani ya tumbo la mbu, vipenye ukuta wa tumbo, vijenge vifuko upande wa nje, vifuko vikue hadi vipasuke, kisha maelfu ya vimelea vipya visafiri mpaka kwenye tezi za mate. Hapo ndipo anapoweza kumwambukiza mtu. Kwa joto la nyuzi 25 hadi 28, kimelea kinachoua zaidi Afrika, Plasmodium falciparum, huchukua siku 10 hadi 14 kumaliza safari hiyo. Kwenye baridi huchelewa, na baridi ikizidi husimama kabisa.

Vifuko hivyo vya tumboni ndivyo alivyoviona Ronald Ross mjini Secunderabad, India, tarehe 20 Agosti 1897, alipopasua mbu aliyekuwa amemnyonya mgonjwa. Mwaka uliofuata, akichunguza malaria ya ndege, alivifuatilia vimelea hadi kwenye tezi za mate, na huko Italia Giovanni Battista Grassi na wenzake wakathibitisha kwamba mwenye kazi hiyo kwa binadamu ni Anopheles.

Sasa piga hesabu, mwalimu, na ukipenda wape darasa la saba. Chukua mbu 1,000 walionyonya vimelea usiku mmoja. Tuseme vimelea vinahitaji siku 12 kukomaa, na kila siku katika mbu 100 wanabaki hai 90. Siku ya 12 utakuta kama mbu 282. Rudia hesabu, safari hii kila siku wabaki 80 katika 100. Siku ya 12 wamebaki 69. Hata hao 69 hawana maisha marefu mbele yao: kwa wastani wamebakiza siku nne au tano, wakati wale wa kwanza wamebakiza kama tisa. Umeongeza vifo vya mbu 10 tu katika kila 100 kwa siku, jambo ambalo jicho la mtu aliyelala chumbani haliwezi kuliona, na uwezo wa mbu hao kueneza malaria umeshuka zaidi ya mara nane. Ungepunguza idadi ya mbu kwa nusu bila kugusa umri wao, malaria wanayoeneza ingepungua kwa nusu tu.

Mtu aliyeiweka hoja hii katika hesabu zilizonyooka ni George Macdonald, Mwingereza, katika miaka ya 1950. Mimi nimeifanyia kazi miaka mingi na bado kila nikiirudia naona ndiyo silaha yetu kubwa kuliko zote. Ili mbu afike siku ya 12 inambidi aje kutafuta damu mara nne au tano. Kila akija akakuta chandarua chenye dawa, anakabiliwa na kifo upya. Anaweza kuponea kwako, akaponea kwa jirani, lakini kuponea nyumba zote tano ni vigumu. Utafiti uliokusanya takwimu za Afrika kuanzia mwaka 2000 hadi 2015 ulikadiria kwamba visa milioni 663 vya malaria viliepukwa, na asilimia 68 ya hivyo ni kwa sababu ya vyandarua vyenye dawa. Mbu uliendelea kuwaona. Wazee wao ndio waliopungua.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, nasoma CBG. Mbu hana cheti cha kuzaliwa. Mnajuaje umri wake?

Mwanangu, swali lako limenifurahisha, maana ndiyo kazi ya mikono yangu.

Mbu waliotegwa usiku huletwa maabara asubuhi wakiwa kwenye vikombe vilivyofunikwa kwa neti. Unampumbaza mmoja, unamlaza kwenye kioo ndani ya tone la maji, unamweka chini ya hadubini ya kupasulia. Feni inazimwa. Una sindano mbili nyembamba zilizofungwa kwenye vijiti. Ya kushoto inamkandamiza kifuani, ya kulia inakwaruza kidogo pande zote mbili za pingili ya mwisho ya tumbo, halafu inavuta polepole. Ukivuta kwa haraka tumbo linakatika na mbu huyo umempoteza. Ukivuta vizuri, vifuko viwili vya mayai vinateleza nje, vyeupe, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele. Unavihamishia kwenye tone la maji safi, unaviacha vikauke.

Vikishakauka, mirija midogo ya hewa inayozunguka kila kifuko inaonekana myeusi. Hapo ndipo jibu lilipo. Kwa mbu ambaye hajawahi kutaga, ncha za mirija hiyo zimejisokota kwa kubana, kama nyuzi zilizoviringwa. Mayai yanapokomaa kwa mara ya kwanza kifuko hutanuka, mirija hunyooka, na haijisokoti tena maisha yake yote. Njia hii aliieleza mtafiti wa Kisovieti, Tatiana Detinova, katika miaka ya 1940, na hadi leo tunaitumia kwa sababu inahitaji hadubini, sindano na subira tu. Ukitaka kujua zaidi ya hapo, yaani ametaga mara ngapi, inabidi uvute kikonyo cha kila yai bila kukikata, uhesabu uvimbe mdogo uliobaki kila baada ya kutaga. Wanaoweza kufanya hivyo kwa uhakika ni wachache, na nawaheshimu mno.

Kazi kubwa ya aina hii Afrika ilifanyika hapa Tanzania, kwenye tambarare za Muheza, katika miaka ya 1950 na 1960. Mick Gillies na wasaidizi wake, waliokuwa chini ya taasisi ya malaria iliyokuwa na makao Amani kwenye milima ya Usambara, walipasua maelfu ya mbu wa aina mbili, Anopheles gambiae na Anopheles funestus, kujua muundo wa umri wao. Wasaidizi wale walikuwa watu wa vijiji vya pale, na vidole vyao ndivyo vilivyoijenga elimu tunayoisoma sasa. Natamani vitabu vingewataja zaidi.

Siku hizi watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow wanajaribu njia nyingine: wanammulika mbu mkavu kwa mwanga wa infraredi na kompyuta inajifunza kutambua umri na aina yake kutokana na namna ngozi yake inavyoufyonza mwanga huo. Ikikamilika tutapima mamia kwa siku. Lakini nakushauri ujifunze na sindano, usisubiri mashine.

Na swali ambalo hukuliuliza: je, wenye vimelea ni wangapi? Hata kwenye maeneo yenye malaria nyingi, ukichunguza Anopheles 100, mara nyingi wenye vimelea kwenye tezi za mate hawafiki watano. Hao wachache ndio wanaolea ugonjwa wote.

Daktari, tulisafiri kwenda kijijini, mtoto wangu wa miaka miwili aling'atwa sana na mbu usiku. Kesho yake asubuhi akaamka na homa. Je, malaria inaweza kumpata kwa haraka hivyo?

Hapana, mama, si kutoka kwa mbu wa usiku ule. Vimelea vikishaingia mwilini hukimbilia ini na kukaa humo kama wiki moja bila mtu kuhisi chochote. Baadaye hutoka na kushambulia chembe nyekundu za damu, na hapo ndipo homa inapoanza. Tangu kung'atwa hadi kuugua kwa kawaida ni siku 10 hadi 15, wakati mwingine 7.

Lakini usilichukulie jibu hili kama ruhusa ya kusubiri. Inawezekana aling'atwa nyumbani wiki mbili kabla ya safari, au homa hiyo ina chanzo kingine kinachohitaji matibabu. Mtoto wa miaka miwili akiwa na homa apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, atobolewe kidole, apimwe. Kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya nusu saa. Akikutwa na malaria apewe dawa mseto na amalize dozi yote hata kama siku ya pili ameanza kucheza. Akiwa analegea, anatapika kila kitu, anapata degedege au anapumua kwa shida, usiku usiku mpeleke.

Mimi ni fundi ujenzi. Nimemwona mbu kwa macho yangu ametua kwenye chandarua kipya, akatembea juu yake, akaruka zake. Zamani walikuwa wanadondoka. Tumeletewa dawa feki?

Fundi, macho yako hayakukudanganya, na haimaanishi dawa ni feki. Ulichokiona kinaitwa usugu.

Kwa miaka mingi vyandarua vyote vilikuwa na dawa za jamii moja, pairethroidi, zilizoundwa kwa kuiga sumu ya asili ya ua la pareto. Dawa hizo hushika mishipa ya fahamu ya mbu, ndiyo maana alikuwa anadondoka papo hapo. Ukitumia silaha moja tu nchi nzima, mbu wachache wenye maumbile ya kuihimili ndio wanaobaki kuzaa. Baadhi yao wamebadilika pale dawa inapogusa mshipa. Wengine wana vimeng'enya vingi vinavyoivunja dawa kabla haijafanya kazi.

Hapo ndipo utafiti ulipolazimika kukimbia. Hatua ya kwanza ilikuwa kuongeza kwenye chandarua kemikali iitwayo PBO, ambayo haiui mbu bali huzuia vile vimeng'enya. Majaribio yaliyofanyika Muleba, mkoani Kagera, na kuchapishwa mwaka 2018, yalionyesha kuwa watoto waliolala kwenye vyandarua vya PBO walikutwa na malaria kidogo kuliko waliotumia vya kawaida. Hatua iliyofuata ilikuwa kuweka dawa ya pili ya aina nyingine kabisa, klofenapiri, inayokata uwezo wa mbu kutengeneza nguvu ndani ya seli zake. Hiyo ilijaribiwa Misungwi, mkoani Mwanza. Miaka miwili baada ya kugawa vyandarua, watoto waliokutwa na vimelea kwenye vijiji vya chandarua cha kawaida walikuwa karibu nusu. Kwenye vijiji vya klofenapiri walikuwa kama robo. Matokeo yalitoka mwaka 2022, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likapendekeza vyandarua hivyo vitumike.

Sasa sikiliza jambo hili, kwa sababu linagusa kile ulichokiona. Klofenapiri haimwangushi mbu mbele yako. Anaweza kutua, akatembea, akaruka, na kufa kesho au keshokutwa. Mtu aliyezoea kuona mbu wakidondoka atadhani ametapeliwa. Ukirudi kwenye hesabu niliyompa mwalimu utaona kwamba mbu aliyekufa keshokutwa hajafika siku ya 12, na hilo ndilo tunalolitaka. Tazama lebo ya chandarua chako ujue kina dawa gani. Kifue kwa sabuni ya kawaida bila kukisugua kwa nguvu, kianike kivulini maana jua kali huidhoofisha dawa, na kikitoboka kishone.

Na wewe, fundi, una uwezo ambao mimi sina. Anopheles wetu wengi huingia ndani kupitia upenyo ulio kati ya ukuta na paa. Harufu ya watu waliolala hupanda na kutokea hapo, na mbu akigonga ukuta huruka juu akiifuata. Kila nyumba unayojenga, ziba upenyo huo kwa wavu wa chuma au weka dari, na madirisha yawe na nyavu. Nchini Gambia watafiti walijaribu kuziba nyumba kwa namna hiyo, na matokeo waliyochapisha mwaka 2009 yalionyesha watoto wa nyumba hizo kupungukiwa damu kwa kiasi kidogo kuliko wenzao. Nyumba ikishazibwa haisubiri mtu akumbuke kuchomekea neti usiku.

Kama mbu anatoa malaria kwa mtu mmoja na kupeleka kwa mwingine, kwa nini hapeleki UKIMWI?

Kwa sababu kimelea cha malaria kinaishi na kuzaliana ndani ya mbu, na virusi vya UKIMWI haviwezi. Vikiingia tumboni mwake vinameng'enywa pamoja na damu. Pia mbu hatapiki damu ya mtu wa kwanza kwa mtu wa pili: ana njia mbili mdomoni, moja ya kuvuta damu na nyingine ya kutoa mate, na vimelea vya malaria hupita kwenye ile ya mate. Usiwe na hofu hiyo.

Mimi ni mzee wa miaka 67. Malaria sijaiona miaka mingi. Chandarua kinanipa joto, basi nimeacha kukitumia. Vijana wa afya wakija wananisumbua. Kwani namdhuru nani?

Shikamoo mzee wangu. Nitakujibu bila kuzunguka, kwa heshima zote.

Wewe umeng'atwa na mbu wa malaria mara nyingi tangu utotoni, na mwili wako umejifunza kupambana. Kinga hiyo inakuepusha na homa kali, lakini haifuti vimelea vyote. Mtu mzima mwenye afya anaweza kutembea na vimelea vichache kwenye damu wiki hata miezi, asihisi hata kichwa kuuma. Miongoni mwa vimelea hivyo wamo wa dume na wa jike, ambao kazi yao si kukuumiza. Vinakomaa kwa siku 10 hadi 12, kisha vinazunguka katika damu vikisubiri mbu. Majaribio ambapo mbu walilishwa damu ya watu wasio na dalili yamethibitisha kwamba watu hao huambukiza mbu.

Kwa hiyo mbu akikunyonya wewe usiku huu, baada ya wiki mbili anaweza kuwa ndani ya chumba cha mjukuu wako. Mjukuu hana kinga uliyonayo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 malaria iliua watu 597,000 duniani, asilimia 95 wakiwa Afrika, na katika vifo vya Afrika takriban robo tatu walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Ndiyo maana vijana wa afya wanakusumbua. Mimi ningekusumbua zaidi.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao unanipa moyo kila ninapoueleza. Huko Asembo, magharibi mwa Kenya, watafiti walifuatilia vijiji vyenye vyandarua vyenye dawa na vijiji jirani visivyo navyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Watoto wa nyumba zisizo na chandarua, lakini zilizokuwa ndani ya mita 300 kutoka kwenye kijiji chenye vyandarua, nao walipata ahueni. Hawakuwa na kitu chochote ndani ya nyumba zao. Kilichowasaidia ni kwamba mbu waliokuwa wanaruka kwao walikuwa wamekwisha kufa kwenye nyumba za wenzao kabla ya kuzeeka. Chandarua chako, mzee, kinakuwa mtego kwa mbu anayekufuata wewe, na anayenufaika ni mtoto usiyemjua nyumba ya nne kutoka kwako.

Joto nalikubali, ni kero ya kweli, na vyandarua vyenye matundu makubwa kidogo hupitisha hewa zaidi. Kama nyumbani kuna kimoja tu, alale mtoto. Vikiwa viwili, nakuomba ulale kwenye cha pili.

Mimi ni mwenyekiti wa mtaa. Kila mwezi tunafyeka nyasi na kukusanya makopo. Malaria haipungui. Kwa nini tusiue mbu tangu wakiwa viluwiluwi?

Mwenyekiti, nyasi hazitoi mbu. Makopo na matairi yenye maji ya mvua huzaa zaidi Aedes, mbu wa dengue, kwa hiyo kazi hiyo msiiache. Ila kwa malaria mnatafuta sehemu isiyo yake.

Anopheles gambiae anapenda madimbwi madogo yanayopigwa na jua: nyayo za ng'ombe, alama za magurudumu, mashimo ya kuchimbia udongo. Mvua moja huzalisha maelfu ya sehemu hizo, na kiluwiluwi kinaweza kuwa mbu kamili ndani ya siku 10 hivi. Kuyafikia yote vijijini wakati wa masika ni kujichosha. Anopheles funestus ni tofauti. Huyo anataka maji yasiyokauka yenye mimea: mabwawa, kingo za vijito vinavyokwenda polepole, chemchemi. Katika bonde la Kilombero utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba funestus ndiye anayesababisha zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi, ingawa wa aina nyingine, Anopheles arabiensis, walikuwa wengi kuliko yeye kwenye mitego. Funestus hupenda damu ya binadamu, huingia ndani ya nyumba, na amekuwa sugu sana kwa pairethroidi. Wakati wa kiangazi mazalia yake ni machache na yanaonekana. Hapo ndipo dawa ya viluwiluwi inapolipa.

Shirika la Afya Duniani nalo linashauri hivyo: tumieni dawa hizo pale mazalia yanapokuwa machache, ya kudumu na rahisi kuyapata. Dar es Salaam ilianza mpango wa namna hiyo mwaka 2004, wananchi wa mitaa wenyewe wakikagua maji na kuweka bakteria wanaoua viluwiluwi bila kudhuru samaki wala watu. Misri iliyotangazwa kuwa huru dhidi ya malaria Oktoba 2024, na Brazil ambayo kufikia mwaka 1940 ilimfuta kabisa arabiensis aliyekuwa amevamia kutoka Afrika, zote zilishambulia maji. Lakini Brazil ilipambana na mgeni aliyekuwa sehemu moja ya nchi. Sisi tuko nyumbani kwake. Kwa hiyo shambulieni maji pamoja na vyandarua, msibadilishe kimoja kwa kingine.

Ushauri wangu kwa mtaa wako: mwiteni afisa afya, mtembee naye kiangazi kijacho, mchore ramani ya maji yasiyokauka. Kiluwiluwi cha Anopheles hulala sambamba na uso wa maji, cha Culex huning'inia kichwa chini. Mtoto wa darasa la nne anaweza kufundishwa kuvitofautisha kwa dakika chache.

Mimi ni mlinzi wa usiku. Nasoma kila mara lala ndani ya chandarua. Sisi tunaokesha nje tufanyeje?

Ndugu yangu, una haki ya kulalamika. Vyandarua vimetengenezwa kwa ajili ya watu waliolala, na watafiti tulichelewa kuwafikiria ninyi, wavuvi, wafugaji na mama wanaopika nje jioni.

Anza na miguu. Mtu akiwa ameketi nje, Anopheles wa Afrika hung'ata zaidi chini ya magoti, karibu na nyayo. Bart Knols, mtafiti wa Kiholanzi, alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba gambiae huvutwa na harufu ya bakteria wa miguuni. Vaa soksi nene, viatu vilivyofunika na suruali ndefu. Paka dawa ya kufukuza mbu kwenye vifundo vya miguu na mikono, na irudie kama maelezo yake yanavyosema.

Ifakara walijaribu vipande vya magunia vilivyoloweshwa dawa ya transfluthrini, inayopeperuka hewani yenyewe bila moto wala umeme. Vilipunguza kung'atwa nje kwa miezi kadhaa. Huko Kwale, pwani ya Kenya, watafiti walitoa ivermektini, dawa ya kumeza ya kuua minyoo, kwa jamii mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu. Mbu anayemnyonya mtu aliyeimeza hufa au huishi muda mfupi zaidi. Matokeo ya mwaka 2025 yalionyesha maambukizi kwa watoto yakipungua kwa asilimia 26. Usiende kununua na kumeza mwenyewe kwa sababu ya maandishi yangu. Ile ilikuwa dozi iliyopangwa na kusimamiwa.

Ukirudi asubuhi ulale ndani ya chandarua, kwani kuna Anopheles wanaong'ata hata kukishapambazuka. Na siku ukienda kituo cha afya na homa, mwambie mhudumu mapema kwamba unakesha nje usiku, ili asiache kukupima malaria.